Kichwa Kinapasuka, Tumbo Linageuka: Ugonjwa Mmoja ao Miwili?

Wamama wapenzi, na ninyi wababa mnaosoma gazeti letu dogo kwa kuchungulia juu ya bega la mke, juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelisikia sokoni, jikoni, ao kwenye benchi ya kituo cha afya: "Kichwa kinaniuma upande mmoja, na tumbo limekataa kila kitu." Mwenye kusema hivyo anapewa kwa kawaida moja ya majibu matatu. Ni malaria. Ni tifoidi. Ni gastriti. Mara nyingine jibu ni la kweli kabisa. Lakini kuna ugonjwa wa nne ambao hatuutaji sana huku kwetu Butembo na Beni, nao ni kipandauso, ule ambao wanganga wetu wanauita kwa Kifaransa migreni. Huo wa nne unapenda sana kutembea pamoja na tumbo.

Kipandauso si kila maumivu ya kichwa. Kichwa kinachouma jioni baada ya kubeba mzigo toka shambani, kinachobana kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu na kinapoa ukilala, mara nyingi ni uchovu tu. Kipandauso kinakuja kwa mashambulio. Shambulio moja, likiachwa bila dawa, linadumu kati ya saa 4 na saa 72. Mara nyingi linashika upande mmoja, linapiga kama ngoma, na linazidi ukipanda kilima ao ukiinama kuinua bidoni ya maji. Mgonjwa anachukia mwanga na kelele, anatafuta chumba chenye giza. Halafu tumbo: kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya chakula, hata harufu ya sombe inayochemka kwa jirani inakuwa adui. Wanganga hawasemi kwa hakika kwamba ni kipandauso mpaka mtu awe amepata mashambulio ya namna hiyo angalau 5. Hakuna kipimo cha damu wala cha choo kinachokionyesha. Munganga anakitambua kwa kusikiliza hadithi yako. Ndiyo maana kinapotea kirahisi pale foleni ni ndefu na kila mgonjwa ana dakika chache za kueleza.

Duniani, watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa huu, na wanawake wanaupata karibu mara 3 kuliko wanaume. Kati ya magonjwa yote yanayomzuia mtu kufanya kazi na kuishi vizuri, kipandauso kinahesabiwa cha pili, na kwa wanawake vijana ni cha kwanza. Wasichana na wavulana wadogo wanakaribia kuwa sawa. Tofauti inaanza msichana anapovunja ungo. Homoni ya kike inayoitwa estrojeni ikishuka ghafla siku chache kabla ya hedhi, kichwa kinashambuliwa. Na kemikali zilezile za mwili zinazokaza tumbo la uzazi siku hizo zinakoroga pia matumbo. Wengi wetu tunajua kuhara kwa siku ya kwanza ya hedhi, lakini hatukuwahi kukuunganisha na kichwa.

Tumbo linalolala wakati kichwa kinapiga

Wazo kwamba kichwa na tumbo vinazungumza si geni. Galen, munganga wa Kigiriki wa karne ya 2, aliita ugonjwa huu hemicrania, maana yake nusu ya fuvu, na kutoka neno hilo Wafaransa wakapata migraine. Yeye aliamini kwamba mvuke mbaya unapanda toka tumboni mpaka kichwani. Mvuke hakuna. Njia, hata hivyo, iko: neva ndefu inayoshuka toka shina la ubongo, inapita shingoni na kifuani, mpaka inafika tumboni na kwenye matumbo, na habari zinapita ndani yake kwenda juu na kushuka chini mchana na usiku. Tena ile kemikali inayoitwa serotonini, ambayo watu wanaifikiri kuwa ni mali ya ubongo, karibu sehemu 9 kati ya 10 zake zinatengenezwa ndani ya matumbo.

Jambo lililo la hakika zaidi katika habari hii yote ni hili: wakati wa shambulio la kipandauso, tumbo linapunguza mwendo. Chakula kinakawia humo, na kidonge vilevile. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walipima aspirini katika damu ya wagonjwa wakati wa shambulio, wakaona inaingia polepole kuliko siku ambazo watu haohao walikuwa wazima. Walipowapa kwanza metoklopramidi, dawa inayotuliza kutapika na kuamsha mwendo wa tumbo, aspirini ikaingia vizuri.

Hapo kuna jibu la lalamiko ambalo tunalisikia kila siku, "Dawa za farmasi hazinifai tena." Pengine dawa ni nzuri ila ilimezwa saa tatu baada ya kichwa kuanza, tumbo likiwa limekwisha kufunga mlango. Mwenye kipandauso anayejulikana anapaswa kumeza dawa yake mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Wamama wengi wanafanya kinyume. Wanavumilia mpaka soko liishe, mpaka watoto wale, mpaka wageni waende, na ndipo wanameza, halafu wanatapika kidonge chenyewe.

Je, mwenye tumbo baya anapata kipandauso zaidi? Katika wilaya moja ya Norway watafiti waliuliza watu zaidi ya 40,000, wakachapisha majibu mwaka 2008. Watu wenye kichefuchefu, kiungulia, kuhara ao kufunga choo walikuwa na maumivu ya kichwa kuliko wale ambao tumbo lao lilikuwa tulivu. Lakini uhusiano huo ulionekana kwa maumivu ya kichwa ya kila namna, si kwa kipandauso peke yake. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba wenye ugonjwa wa matumbo yanayokasirika, wale ambao tumbo linawauma na choo kinabadilikabadilika kwa miezi bila kidonda wala mdudu kuonekana, wana kipandauso zaidi ya wengine. Hata dawa zinatoa ushuhuda: moja ya sindano mpya za kuzuia kipandauso, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 na ambayo haijatufikia sisi, inafunga choo cha baadhi ya wanaoitumia, kwa sababu kemikali inayozuiliwa kichwani inafanya kazi matumboni pia.

Tusikimbie mbele ya ushahidi lakini. Siku ya mvua, wenye mwavuli na wenye buti wanaonekana pamoja sokoni. Mwavuli hauzai buti, ni mvua inayoleta vyote viwili. Inawezekana tumbo na kichwa vina mvua moja: neva zilezile nyepesi kukasirika, zilizorithiwa toka kwa mama na nyanya.

Kuhusu yule mdudu wa tumbo anayeitwa Helicobacter pylori, ambaye amejaa Afrika nzima na ambaye analeta vidonda vya tumbo, watafiti wengine waliona uhusiano wake na kipandauso, wengine hawakuuona. Ukipimwa naye na una vidonda, tibiwa, kwa sababu ya vidonda vyako. Usinunue matibabu hayo ya siku nyingi kwa tumaini tu kwamba kichwa kitapona.

Tifoidi ya kila mwezi

Mmoja wa wanachama wetu, muuza kabichi na poaro, alitibiwa tifoidi mara 4 katika mwaka mmoja. Kila mara alikuwa na kichwa, kutapika na tumbo lisilotulia. Kila mara kipimo cha damu kilisema ndiyo. Kila mara alipona siku ya pili ao ya tatu na kusifu dawa. Ilikuwa ni muuguzi mmoja mzee aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza: hali hii ilianza lini? Akajibu kwamba ilianza alipokuwa msichana wa shule, na mama yake alikuwa nayo. Tifoidi ya kurithi haiko.

Kipimo kile cha haraka kinachoitwa Widal kinatafuta alama ambazo mwili unaziacha katika damu baada ya kupigana na mdudu. Alama hizo zinaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kupita, na zinaweza kutoka kwa wadudu wengine wa jamaa moja. Katika nchi ambamo tifoidi ni ya kawaida kama yetu, watu wengi wazima wanaweza kuonyesha ndiyo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha mdudu toka katika damu, na hicho hakipatikani kila mahali. Kwa hiyo sura ya ugonjwa inabaki kuwa na maana kubwa. Tifoidi ya kweli ina homa, homa inayopanda siku kwa siku na kukaa. Kichwa kinachouma siku 2 bila homa, kinapona kabisa, halafu kinarudi mwezi ujao karibu na hedhi, hakina sura ya tifoidi. Hatusemi hivi ili mtu adharau tifoidi, ambayo inaweza kutoboa matumbo na kuua. Tunasema kwamba antibiotiki zinazomezwa mara 4 kwa mwaka bila sababu zinavuruga tumbo, zinamaliza franga za karo ya watoto, na zinawafundisha wadudu kutoogopa dawa.

Kidonge kinachoponya kichwa na kula tumbo

Hapa tunaomba msomaji akae kidogo, kwa sababu katika nyumba zetu huu ndio uhusiano mkubwa zaidi kati ya kichwa na tumbo, na tunautengeneza wenyewe kwa mikono yetu.

Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini na aspirini ni watoto wa familia moja. Zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake. Mtu anayezimeza mara kwa mara, juma baada ya juma, anaweza kupata kidonda cha tumbo hata kama anakula vizuri. Mtu anayemeza mbili kwa wakati mmoja, diklofenaki asubuhi na ibuprofeni saa sita kwa sababu ya kwanza haikutosha, anaongeza hatari bila kuongeza faida. Kidonda kinaweza kutoka damu. Dalili zake ni choo cheusi kama lami chenye harufu kali, matapishi yenye damu ao yanayofanana na unga wa kahawa, kizunguzungu ukisimama. Hizo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Kitatumba, Katwa, Matanda ao hospitali kuu ya Beni, si za kungoja siku ya Yenga ipite.

Halafu kuna mtego wa pili, wa ajabu zaidi. Dawa za maumivu zikizidi, zenyewe zinaleta maumivu ya kichwa. Wanganga wa neva wamekubaliana juu ya hesabu: mwenye kipandauso anayemeza dawa rahisi kama parasetamoli ao ibuprofeni siku 15 ao zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3, anaweza kuingia katika kichwa cha kila siku. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye dawa mbili tatu pamoja na kafeini ndani, na kwa tramadoli na jamaa zake, hesabu ni siku 10 tu. Kichwa kinauma kwa sababu dawa ya jana imekwisha, mama anameza nyingine, na kesho ni vilevile. Dawa ya hali hiyo ni kuacha, na siku za kwanza za kuacha ni ngumu, kichwa kinazidi na tumbo linageuka. Inafaa kufanywa na munganga anayejua, hasa kwa tramadoli.

Basi mwenye kipandauso ameze nini? Mtu mzima asiye na vidonda, asiye na ugonjwa wa figo na asiye na mimba anaweza kumeza ibuprofeni ya miligramu 400 mapema, pamoja na chakula hata kama ni uji kidogo. Mwenye vidonda anabaki na parasetamoli, miligramu 1,000 kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, asizidishe gramu 4 kwa siku nzima. Kama kutapika ni kukali, aombe munganga amwandikie dawa ya kutuliza kutapika kwanza. Mama anayepigwa mara nyingi kwa mwezi asikae na vidonge vya maumivu peke yake: ziko dawa za kuzuia, zinazomezwa kila siku kwa miezi, kama propranololi na amitriptilini. Ni za zamani, si ghali sana, na zinaandikwa na munganga. Ya kwanza haifai kwa mwenye pumu. Ya pili inaleta usingizi na inaweza kufunga choo, basi mwenye choo kigumu aseme mapema.

Mimba na vidonge vya uzazi

Sehemu hii isomwe kwa sauti kwa wale wasiosoma.

Mwanamke mwenye mimba iliyopita juma la 20 anayepata kichwa kikali kisichoondoka, anaona cheche ao ukungu machoni, tumbo linamuuma juu chini ya mbavu na anatapika, asiambiwe kwamba ni gastriti na kichwa cha kawaida. Dalili hizo ni za tansio ya mimba, ambayo inaweza kugeuka degedege na kuua mama na mtoto. Uso na mikono vinaweza kuvimba, vinaweza visivimbe. Tansio ya 140 kwa 90 ao zaidi inataka hospitali, na kifaa cha kuipima kinachukua dakika moja; kipo hata katika kituo kidogo. Hatari inaendelea mpaka majuma 6 baada ya kuzaa. Wanawake wengi wenye kipandauso cha zamani wanapumzika katika miezi ya kati na ya mwisho ya mimba, mashambulio yanapungua. Kichwa kikali kinachoanza upya katika mwezi wa saba ao wa nane kinapaswa kutiliwa shaka kabla hakijaitwa kipandauso. Na mwenye mimba asinunue ibuprofeni wala diklofenaki kwa kichwa. Zinaweza kudhuru moyo na figo za mtoto.

Jambo la pili ni la uzazi wa mpango. Baadhi ya wenye kipandauso, kabla kichwa hakijaanza, wanaona kwa nusu saa hivi mistari inayometameta kama umeme, ao doa lisiloonekana kitu katikati, ao mkono unakufa ganzi kidole kwa kidole. Wanganga wanaita hali hiyo aura. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye aura asitumie vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi inaongezeka. Vijiti vya mkononi, sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba havina estrojeni na vinaweza kuzungumzwa na muuguzi. Swali la umeme machoni haliulizwi kila mahali vidonge vinapotolewa, basi mwenye nao aseme mwenyewe.

Wakati nyumba nzima inaumwa

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na asubuhi zake tunazijua. Mama anaingiza mbabula ya makala ndani, anafunga dirisha, watoto wanalala. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na dalili zake za kwanza ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Kipandauso hakishiki baba, mama na watoto usiku mmoja. Kama watu wawili watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa na kutapika, na wanapata nafuu wakitoka nje, fungueni milango, toeni mbabula, mpelekeni hospitali aliyelegea.

Muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha nao unaleta kichwa, kizunguzungu na kutapika, saa chache baada ya kula fufu, kwa kila aliyekula. Hayo yanatokea zaidi katika miezi ya njaa ao ya kukimbia, watu wanapovuna haraka na kusaga haraka.

Na homa? Kichwa, kutapika na homa pamoja si kipandauso mpaka malaria imepimwa. Shingo ikikakamaa, ni hatari zaidi. Tena sisi wa Butembo na Beni tuna sababu yetu ya kuogopa dalili hizi. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na tarehe 25 Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika sehemu zetu, na kichwa, uchovu na kutapika vilikuwa katika orodha iliyobandikwa kila ukuta. Watu walificha kichwa chao wasipelekwe kwenye kituo cha matibabu ya Ebola. Desturi hiyo ya kuficha haijaisha. Mwenye kipandauso anaweza kusema kwa utulivu: ninayo tangu miaka mingi, inakuja na kwenda, sina homa, sikugusa mgonjwa wala maiti. Maneno hayo manne yanamsaidia muuguzi. Lakini mwenye homa, ao aliyekuwa karibu na mgonjwa wa namna hiyo, asijifiche nyuma ya jina la kipandauso.

Yanayoamsha

Watu wanapenda kuuliza ni chakula gani kimekatazwa. Vitabu vya Ulaya vinataja shokola. Tunacheka kidogo: kakao inaanikwa kwenye turubai kila mahali katika eneo la Beni, lakini ni wangapi kati yetu wanaokula shokola? Hata huko Ulaya watafiti wengine wanafikiri kwamba tamaa ya kitu kitamu ni shambulio lenyewe linaloanza, si chanzo chake. Kwetu tungetaja kwanza pombe, kasiksi ikiwemo, halafu kahawa: si kikombe kimoja cha kila siku, ila vikombe 5 leo na hakuna kesho.

Zaidi ya chakula chenyewe ni kukosa chakula. Mama anayeondoka saa kumi na moja asubuhi bila kitu tumboni na kula mara ya kwanza saa tisa mchana anaita kipandauso kwa jina. Muhogo uliochemshwa jana, ndizi mbili, maharagi yaliyobaki, vinatosha kukizuia njiani, na vinalinda ukuta wa tumbo siku ambayo dawa inahitajika. Maji pia, hata kama choo cha njiani ni shida. Tunajua kwamba wamama wengi hawanywi makusudi kwa sababu hiyo.

Usingizi hatuwezi kuuagiza. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, ziko nyumba zinazolala kwa zamu, sikio moja wazi, na ziko familia zinazolala watu 12 katika chumba kimoja kwa sababu zimewapokea ndugu waliokimbia. Hofu ya muda mrefu na usingizi wa vipande vinaamsha kichwa, na vilevile vinakaza matumbo. Kumwambia mama kama huyo "acha kufikiri sana" ni kumtukana. Linalowezekana ni dogo: kulala na kuamka saa ileile siku ambazo usalama unaruhusu, na jirani mmoja anayekubali kushika watoto saa 2 ili mgonjwa alale gizani.

Mtoto anayeshika kitovu

Kuna namna ya kipandauso ambayo haina kichwa kabisa. Mtoto, mara nyingi kati ya miaka 3 na 10, anapata maumivu makali katikati ya tumbo, karibu na kitovu, kwa saa 2 mpaka siku 3. Uso unapauka, anakataa chakula, anaweza kutapika. Halafu yanaisha na anakimbia na wenzake kama kwamba hakukuwa na kitu, mpaka mara nyingine. Anapewa dawa ya minyoo, anapewa tena, na minyoo haionekani. Kama mama yake ana kipandauso, munganga aambiwe. Wengi wa watoto hao wanapata kipandauso cha kawaida wakikua. Lakini tumbo la mtoto ni la kuangaliwa kwanza na munganga: homa, tumbo gumu, matapishi ya kijani, damu katika choo, maumivu yanayohamia upande wa kuume chini, ao kupungua uzito, hayo si kipandauso cha tumbo.

Kwa sababu ugonjwa huu unatambuliwa kwa hadithi, hadithi inafaa iandikwe. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kwa mwaka mzima. Tarehe, saa kichwa kilipoanza na kilipoisha, upande gani, tumbo lilifanya nini, homa iliyopimwa kwa kipimajoto, hedhi ilikuwa lini, ulikula saa ngapi, dawa gani na ngapi. Asiyeandika ampe mtoto wa shule kazi hiyo. Baada ya miezi 2 ao 3 peleka daftari kwa munganga, na umwonyeshe hasa safu ya dawa. Katika mkutano wetu ujao wa Butembo na ule wa Beni tutakuwa na ukurasa uliogawanywa tayari wa kunakili. Mlete kalamu na rula.